Mzee Bhoite na Vyuma Alivyovikataa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuhimilisha ng'ombe na nyati wa maziwa wa ushirika wetu hapa Phaltan, Bwana Yashwant Bhoite anastaafu tarehe 31 Mei. Kwa mujibu wa vyeti alizaliwa mosi Juni, siku ambayo mwalimu wake aliwagawia watoto wote wasiojua siku zao za kuzaliwa. Ndiyo maana leo tunaaga watu wanne wenye tarehe hiyo hiyo kwa mpigo.

Ndama wa mkono wake wamejaa mazizini kutoka hapa hadi mtoni. Jua au mvua, alifika kwa pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma ya kiti.

Jambo moja lilitushinda: kumshawishi afunge kwenye pikipiki vyuma vya kukinga miguu. Alisema vinanasa kwenye miwa, tena vinaita ajali. "Mtu anajifunga bandeji kabla hajaumia, anatafuta nini huyo?" alituuliza, na tuliofunga tukabaki kucheka.

Aliyemweza ni mkewe, Mama Sulochana. Miaka yote mzee alimwahidi kwamba akistaafu watatembea pamoja na mahujaji hadi Pandharpur, kwa kuwa kazi haikuwahi kumpa nafasi. Siku moja mama akaja karakana yetu. "Baba Kishori, ukivunja miguu nitaenda na nani, na hii pikipiki?" Kisha akamgeukia fundi: "Mfungie." Mzee alinuna wiki nzima.

Msimu wa mvua uliopita, nyati alichomoka kwenye miwa. Pikipiki ikalala ubavu juu ya mawe ya mfereji, chuma cha kushoto kikapinda, mguu ukatoka na mchubuko tu. Tulimkuta amekaa ukingoni, ameushika mguu kwa mikono miwili. "Jamani, Mama Kishori asijue," akasema. Tulishachelewa, maana nyati alikuwa wa shemeji yake.

Tuseme kweli, vyuma havizuii kuanguka wala haviokoi kichwa, na kwenye miwa vinanasa mpaka leo. Lakini tulifurahi mno siku ile kwamba alikuwa navyo, na hakuna aliyemtania hadi kesho yake.

Msafara wa mahujaji utapita hapa hivi karibuni. Alfajri hizi tunawaona wawili hao wakifanya mazoezi kwenye barabara ya Lonand, mama mbele, mzee nyuma akimwomba apunguze mwendo.

Asante kwa ndama, Mzee Bhoite, na asante kwa utani. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Ila kaza mwendo, baba, mwenzako hageuki nyuma.