Mwiko Avaa Vibao

Benchi lile lipo kwenye kona, kati ya duka la kinyozi na ukuta wa bwawa la kuogelea la umma, ambapo harufu ya dawa ya maji na harufu ya kahawa zimezoeana kama majirani. Jioni hiyo walikuwepo Kinyozi mwenyewe, aliyefunga duka kwa kukosa vichwa. Breki, dereva wa lori mstaafu ambaye alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuzikanyaga kwa wakati. Na Mwiko, mpishi wa shule. Mwiko alikuwa amevaa vibao vya mikononi, plastiki mbili pana kama visahani, zenye mpira wa kupitishia vidole, ambazo waogeleaji huvaa mazoezini ili kiganja kisukume maji mengi. Hakutaka kuvivua hata kwa kahawa. Kikombe alikibana katikati ya vibao viwili, akakiinua polepole kama mtu anayehamisha kaa la moto.

Jumamosi angeshindana na shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Mkewe alifariki mwaka uliopita, Mungu amrehemu, akamwachia Mwiko mama mkwe ndani ya nyumba. Sasa shemeji alitaka kumchukua mama yake. Mwiko naye hakutaka kumwachia, maana mama yule akiondoka, hatabaki mtu wa kulitaja jina la marehemu mezani. Walibishana hadi wakachoka, kisha wakakubaliana: atakayetangulia kugusa ukuta wa bwawa ndiye atakayekaa na mama.

— Lakini navyo unakwenda kasi kweli? aliuliza Kinyozi.

— Wewe! Mikono michache tu, nipo ng'ambo. Zamani nilikuwa kama kuku aliyetumbukia kisimani.

— Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, alisema Breki. Huwezi kuingia majini mikono mitupu ukategemea heshima.

— Hiyo ni ya mtu asiye na cha kutoa, Breki, alisema Kinyozi.

— Na wewe maji umeyapa nini?

Kinyozi akaachana naye, akamgeukia Mwiko.

— Bega je?

— Linalalamika kidogo. Leo uji wa watoto nimekoroga kwa mkono wa kushoto.

— Punguza basi. Hata wembe, ukiukandamiza sana haunyoi, unakata.

— Asipunguze! alidakia Breki. Mimi nimeendesha lori. Likipanda mlima na mzigo linalia. Shusha mzigo uone, linaruka lenyewe. Vibao ni mzigo huo. Jumamosi akivivua, ataruka.

— Kama ulivyoruka wewe ukaingia kwenye duka la mtu?

— Ndiyo! Si unaona ilivyo kasi?

Mwiko alicheka, kahawa ikammwagikia kidevuni. Hakuweza kuipangusa.

— Mimi naona lala navyo, Breki aliendelea. Mkono ukikaa sana ndani ya kibao, unasahau ukubwa wake. Ukivivua, wenyewe unajiona bado mpana. Na maji yakiona mkono unajiamini, yanapisha.

— Acha hizo, alisema Kinyozi. Kasi haiko mkononi, iko kwenye nywele. Nikupe ushauri wa bure, Mwiko: nikunyoe kichwa, kifua, miguu na nyusi. Utateleza kama sabuni.

— Ushauri wa bure, na kunyoa?

— Kunyoa ni kazi, ndugu yangu.

Wakati wanacheka, mama mkwe mwenyewe akatokea kwenye kona, kapu la mboga mkononi, akitembea kwa hatua zake fupi. Mwiko akaruka kutoka benchini, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, baba. Umeumia mikono?

— Hapana, mama. Ni vya kuogelea. Vinaongeza kasi. Jumamosi mimi na shemeji tuna shindano.

— Utaogelea navyo?

— Haviruhusiwi, mama.

— Na bila hivyo, unamweza?

Mwiko akamtazama Breki. Breki akamtazama Kinyozi. Tangu alipovipata, Mwiko hakuwa ameingia majini bila vibao hata mara moja.

— Haya, mashindano ni mashindano, alisema mama. Mnashindania nini?

Kinyozi alichungulia ndani ya birika la kahawa kana kwamba jibu lilikuwa chini ya machicha. Ni Breki ambaye, kama kawaida yake, hakusimama kwa wakati.

— Wewe, mama. Atakayeshinda anakaa na wewe.

Mama akaliweka kapu chini. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

— Watu wazima mnaingia majini kunigombania, mimi mwenyewe nipo hapa hapa nanunua mchicha! Mimi si kikombe cha kushindaniwa, wanangu.

Mwiko aliinamisha kichwa. Akang'ata mpira wa kibao cha kulia, akauvuta kwa meno mpaka vidole vikachomoka, vyeupe na vyenye makunyanzi. Cha kushoto akakivua kwa mkono.

— Mama, alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Unataka kukaa wapi?

Mama alimsogezea kapu.

— Kwanza beba.

Akalibeba. Yule mama akatangulia, na alipofika mwisho wa ukuta wa bwawa, akakata kushoto, kuelekea nyumbani kwa Mwiko.