Miaka Arobaini na Moja ya Kuwalaza Watu Sakafuni

Ijumaa tarehe 27 Septemba 2024, saa kumi na mbili na nusu jioni, Gottfried Zurbrügg, ambaye wote humwita Godi isipokuwa daktari wake, atavua aproni ya kijani na kustaafu baada ya kulitumikia duka letu la bunduki za shabaha kwa miaka arobaini na moja, miezi minne na siku ishirini na tano. Siku hizo nimezihesabu mimi mwenyewe, Käthi Wüthrich, ninayerithi kaunta yake kuanzia Jumatatu. Bi Rosmarie, mwenye duka, ameniomba niandike wasifu mfupi na wenye heshima. Ufupi umenishinda. Heshima nitajaribu.

Godi aliingia dukani mwaka 1983 akiwa fundi kijana kutoka Hinterried, akawekwa karakana ya nyuma kusugua springi na kuunga vitako vilivyopasuka. Huko angekaa mpaka leo kama si mdomo wake. Wateja walikuwa wakirudisha stendi za miguu miwili, zile zinazofungwa chini ya mtutu ili bunduki isimame yenyewe huku mlengaji amelala kifudifudi, na kila aliyerudisha alilalamika kwamba ameuziwa mbovu. Godi alikuwa akiwajibu kwa sauti kutoka karakana, mlango ukiwa umefungwa. Baba yake Rosmarie, mwenye duka wakati huo, alivumilia miaka minane. Siku moja ya mwaka 1991 akaufungua ule mlango.

"Kama unajua sana, toka uje uuze wewe!"

Akatoka, na aproni yake. Hakurudi nyuma tena.

Kuanzia hapo, yeyote katika bonde hili aliyetaka miguu ya bunduki alipitia mikononi mwake, na alipitia akiwa amelala chini. Mteja aliingia, akatazama ukuta wenye miguu ya kila aina, mirefu na mifupi, ya chuma na ya alumini, akauliza swali ambalo wote huuliza: ipi nzuri kuliko zote?

"Lala chini," Godi alisema.

"Samahani?"

"Chini. Sakafuni. Kifudifudi. Hiyo tai iweke mfukoni."

Nimemwona meneja wa benki akilala. Nimemwona mchungaji wetu wa kanisani akilala, na bibi mmoja aliyeingia kuuliza njia ya kituo cha treni naye alilala, kwa kuwa Godi hakumpa nafasi ya kueleza. Mtu akishalala, Godi naye alijilaza mbele yake, uso kwa uso, akamkagua kuanzia kidevu hadi mbavu. Alitaka kujua mambo matatu tu. Kifua kinainuka kiasi gani kutoka chini, maana miguu mirefu humfanya mtu ainue shingo kama kobe. Unalala wapi, kwenye zege, kwenye mbao au kwenye majani, maana mpira hushika zege na ncha kali hushika udongo, na ukivichanganya bunduki huruka kama ndama. Na bega lipi liko chini zaidi, maana hakuna binadamu aliyenyooka, kwa hiyo mguu mmoja sharti urefushwe kidogo au kichwa cha stendi kiweze kuinama. Bei na rangi hakuuliza kamwe. Jina la kampuni alilitaja mwishoni, na mara nyingi alilitaja vibaya.

Kumuuzia mtu asiyekuwepo alikataa katakata. Bi Elsbeth wa kiwanda cha jibini alitaka kumshtukiza mumewe siku ya kuzaliwa, akaambiwa amlete. Akaenda nyumbani, akamngoja mumewe alale kifudifudi kwenye zulia kutazama mieleka kwenye televisheni, akamtandikia karatasi kubwa ya kufungia jibini na kumchora ukingo wote kwa kalamu, akimwambia anapima zulia jipya. Urefu wa kifua aliupima kwa kupanga vitabu vya nyimbo za kanisani. Vilikuwa vitatu na nusu. Godi aliitandaza ile karatasi dukani, akaizunguka mara mbili kwa heshima zote, akatoa miguu. Inamfaa yule mume mpaka leo, ila zulia bado anaulizia.

Na yule daktari wa meno kutoka Zürich! Alikuja na miguu aliyoagiza kwenye mtandao, mirefu, yenye ncha za chuma, iliyotengenezwa kwa watu wanaolenga kutoka kwenye vilima vya nyasi. Kibanda chetu cha kulengea kina sakafu ya zege na mikeka mipya ya mpira. Risasi ya kwanza ikatoboa shabaha, na miguu ikatoboa mkeka. Ya pili ikatoboa mkeka tu. Godi alimpeleka dukani akamlaza, na tangu hapo daktari husafiri saa mbili kila mwezi kuja kulenga nasi, na ameziba jino la Godi mara mbili akiwa ameketi wima kwa sababu mwenyewe Godi hataki kulala chali.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilitunyima usingizi wote mwaka huu.

Godi mwenyewe hakuwahi kutumia miguu. Aliwauzia watu maelfu, lakini yeye alilenga kwa mkanda wa ngozi, mkono wa kushoto ukibeba bunduki, kama alivyofundishwa jeshini. Mwezi Machi akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono huo huo. Daktari alikuwa wazi: mkono ule haubebi bunduki tena. Na tangu Februari tayari tulikuwa tumesajili kundi letu la watu watano kwa mashindano ya bonde dhidi ya majirani zetu wa Schwandegg. Sheria haibadiliki: majina yale yale matano ndiyo yanayolenga, na mmoja akikosekana kundi zima linatolewa. Miguu inaruhusiwa kwa wote waliovuka miaka sitini, bila kupunguziwa alama hata moja. Kilichotakiwa ni Godi aandike kwenye fomu kwamba atatumia miguu, na fomu zilifungwa Ijumaa tarehe 30 Agosti saa sita mchana.

Ungedhani ni kazi ya dakika kumi. Alijaribu kumi na tisa. Hii inalia, ile inacheza, hii inanuka mafuta, ile ina bawaba ya kitoto. Moja aliikataa kwa sababu, nanukuu, ina kiburi. Kila jioni alichukua moja nyumbani na kila asubuhi mkewe Hedi aliirudisha yeye mwenyewe, amechoka.

"Käthi, ananilaza na mimi sakafuni nimtazame," aliniambia. "Nina miaka sitini na tatu. Mpeni hata fimbo."

Werner Aellig, nahodha wa Schwandegg, ambaye anatumia miguu kwa mwaka wa kumi sasa, alikuwa akipita mbele ya dirisha letu kila Jumatano kwa makusudi.

"Godi! Umechagua? Au nikuletee kigari cha mjukuu wangu uegeshe bunduki?"

Sisi tulicheka. Godi hakucheka, na hapo ndipo nilipoelewa. Tatizo halikuwa bawaba. Aliogopa kwamba akishajilaza nyuma ya miguu miwili, amekubali kuwa mzee, na baada ya kulikosa duka atakosa na uwanja. Iliniuma, maana mtu huyu alikuwa amewaambia wazee wote wa bonde kwamba miguu si aibu, na wote walimwamini, isipokuwa yeye.

Alhamisi tarehe 29 Agosti, saa kumi jioni, nikafunga mlango wa duka, nikageuza kibao. Nikasema:

"Godi, lala chini."

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Nina miaka hamsini na miwili. Chini. Sakafuni. Kifudifudi."

Bi Rosmarie alitoka ofisini, akasimama na kikombe chake cha kahawa, akasema polepole, "Lala, Godi. Kaunta si yako tena kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Mwache afanye kazi."

Akalala. Nami nikajilaza mbele yake. Miaka ishirini na sita tumefanya kazi pamoja na sikuwahi kumtazama kutoka upande ule. Hakuna aliyewahi. Bega la kushoto liko chini ya la kulia kwa upana wa vidole viwili, na tangu upasuaji vidole vitatu. Mtu aliyenyoosha bonde zima alikuwa amepinda! Nilianza kucheka, nikashindwa kunyamaza, naye akaniuliza kwa hasira kuna nini, nikamwonyesha kwa kioo cha mkononi cha Bi Rosmarie. Alikigeuza kioo kushoto, kisha kulia.

"Kumbe," akasema. Halafu naye akaanza kucheka, tumbo likigonga sakafu.

Nikamchagulia miguu mifupi kuliko yote ukutani, yenye soli za mpira na kichwa kinachoinama, mguu wa kushoto ukiongezwa tundu moja. Haina sura nzuri. Hata yeye hakuwahi kuijaribu kati ya zile kumi na tisa, kwa sababu ilikuwa chini kabisa na mgongo wake haupendi kuinama. Fomu aliijaza asubuhi yake, dakika ishirini kabla ya saa sita.

Alhamisi iliyofuata tukafanya mazoezi. Uwanja ni mmoja, wetu na wa Schwandegg, na Werner alikuwa kwenye mkeka wa jirani. Godi akajipanga, akapumua, akafyatua. Kwenye skrini yake, sifuri. Kwenye skrini ya Werner, ambaye alikuwa bado anafungua chupa ya maji, kumi ya katikati kabisa.

"Asante sana, ndugu yangu!" Werner alipiga kelele mpaka mlima ukaitika. "Nilijua unanipenda!"

Kulenga shabaha ya jirani ni kosa ambalo hapa kwetu mtu husimuliwa mpaka kwenye mazishi yake. Mkosaji huwanywesha wote kahawa yenye pombe ya cheri, na Godi aliwanywesha, masikio mekundu. Kisha akaniita pembeni.

"Futa jina langu."

"Halifutiki. Tutatolewa wote."

"Basi nimewaponza."

Nikamwambia kweli. Miguu haikukosea. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akilala ameelekea shabaha ya jirani, na mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukiivuta bunduki kurudi. Sasa mkono umepumzika, na miguu imesema pale mwili ulipoelekea. Hatukuhitaji miguu mingine. Tulihitaji kumsogeza yeye, viatu na tumbo, upana wa kiganja kuelekea kulia. Tulimsogeza kama kabati, watu wawili, Werner akitoa maelekezo bila kuombwa.

Jumamosi tarehe 7 Septemba, wenzetu wanne walimaliza na alama 373. Schwandegg walikuwa wamefunga na 467. Godi alikuwa wa mwisho. Alihitaji tisini na tano, na baada ya risasi tisa alikuwa na themanini na sita. Fanya hesabu mwenyewe: tisa au zaidi tunashinda, nane tunakwenda sare, na chini ya hapo nisingeandika haya.

Hapo hapo taa nyekundu ikawaka. Mtamba wa jirani alikuwa amevunja uzio na amesimama mbele kabisa ya shabaha namba nne, anakula. Bunduki zote zikafunguliwa na kutolewa risasi, na wenye ng'ombe wakaanza kukimbia. Ilichukua dakika kumi na tisa. Wengine tulikuwa tunatafuna kucha. Kwa mkanda, mkono wa Godi ungekufa ganzi ndani ya dakika tano. Lakini bunduki ilikuwa imesimama yenyewe, imemngoja, na yeye alikuwa ameweka shavu kwenye kitako, na tukasikia sauti. Tulidhani ni trekta.

Godi alikuwa anakoroma.

Hedi alimwamsha kwa kumgusa kisigino. Taa ikazimika. Akatia risasi, akapangusa mate, akafyatua kabla hatujawa tayari kutazama. Kumi. Alama 469! Nilimkumbatia Werner, kisha nikakumbuka ni Werner. Kengele kubwa ya ng'ombe, zawadi yenyewe, ilizunguka uwanja mikononi mwa mchungaji aliyekuwa akiipiga bila mpangilio wowote.

Godi hakuinuka. Tukaogopa. Nikapiga magoti pembeni yake, nikaona machozi yanadondokea mkeka na bega lile la kushoto linatikisika kwa kicheko.

"Mkono hauumi," aliniambia. "Käthi, hauumi hata kidogo. Hii inaweza kuendelea miaka."

Kisha akaniomba nimwache alale pale kidogo.

Godi, kwa niaba ya Bi Rosmarie, ya wenzako wa dukani na ya kila aliyewahi kujipangusa vumbi la sakafu yetu kifuani, asante. Tunakutakia macho makali, Hedi mwenye subira, na miaka mingi, mingi sana, ya kulala kifudifudi. Jumatatu duka linafunguliwa saa mbili. Ukija, simama upande wa wateja, na usitie neno mpaka nikuulize.