Betri ya Waya na Pasteles za Bi Agripina

Benchi la nje ya duka la Chago, pale kona ya kupandia mji wa milimani wa Jayuya, lina miguu mitatu na tofali, na jioni hiyo lilibeba wazee watatu na hasira ya mmoja. Mwenye hasira alikuwa Obdulio. Walimwita Waya, kwa kuwa baada ya kimbunga alivuta waya kutoka kwenye jenereta yake hadi kwenye friji za mtaa mzima, bila kuombwa na mtu. Siku hizi ana sola juu ya paa na betri ukutani, na simu ilikuwa imemletea ujumbe: saa kumi na mbili kampuni itachota umeme wa betri yako ili kisiwa kisiingie gizani, hutaki, bonyeza hapa. Na kesho mama yake, Bi Agripina, anatimiza miaka tisini. Pasteles, vifurushi vya ndizi mbichi na nyama alivyovifunga kwa majani ya mgomba wiki nzima, zilikuwa kwenye friza.

— Zikiyeyuka, mama atanizika mimi kwanza, Waya alisema.

— Hawamalizi, bwana, alisema Chago akimimina kahawa. Wanakuachia akiba. Kidogo kwako, kidogo kwa yule, maelfu ya nyumba. Ukijumlisha ni mtambo mzima wa umeme, ila hauna jengo.

— Mimi nina ng'ombe asiye na mwili, alidakia Digrii, kinyozi mstaafu. Njoo ukamue.

— Mtu akitaka umeme wangu agonge mlango, aseme jina lake, Waya alifoka. Huyu anachota kwa simu kama jini.

— Unajua unakokwenda? alisema Digrii. Hoteli za ufukweni. Wanapashia moto bwawa la watalii.

— Na bahari yenye joto iko pale pale, bure? aliuliza Chago.

— Ndiyo ujue hawana akili. Kuku wa maskini hatagi.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu kuku.

Neftalí, mzee wa tatu, ambaye akianza kusema hazimiki, ndiyo maana wakamwita Jenereta, aliweka kikombe chini.

— Nyote mmepotea. Betri zinaongea. Yako ikichoka inaiambia ya jirani yako, mjane Iraida, "shika wewe." Nimezisikia usiku ukutani.

— Hao ni vyura, mzee, alisema Chago.

— Zimejifunza kwa vyura. Mmoja akianza, bonde zima linaitikia. Sasa yako na ya Iraida zimezoeana, Waya. Zitaoana hizo, na umeme wako ndio mahari.

— Mimi siozi betri, alisema Waya, akabonyeza Sitaki.

— Umoja ni nguvu, alisema Digrii, na yeye na Jenereta, wenye betri zao pia, wakatoa simu wakajitoa.

Wakanywa kahawa kwa heshima, kama watu waliopindua serikali. Ndipo akaja Yaritza, mpangaji mpya wa Bi Agripina, na beseni kiunoni.

— Shikamooni. Chago, Bi anauliza, pasteles zimeganda?

Waya alimgeukia.

— Pasteles zipi?

— Zake. Friza yako umeijaza samaki, kwa hiyo asubuhi tulizileta hapa. Yaritza alitazama ukuta wa mbele, akatazama wa nyuma. — Hivi hapa dukani betri iko wapi?

Chago akafuta kaunta iliyokuwa safi. Digrii akakumbuka methali, akaimeza. Waya alishika simu: ilikuwa saa kumi na mbili na ushee, na pa kubonyeza hapakuwapo tena. Taa ikapepesa. Mashine ya kahawa ikanyamaza katikati ya kikombe cha Jenereta, na friza, iliyokuwa ikinguruma nyuma ya kaunta, ikakata kauli. Wahandisi watasema betri tatu haziangushi umeme wa mtaa. Wahandisi hawakuwa pale.

Waya aliinuka, akavuka barabara. Alirudi kinyumenyume, akifungua ule waya wa kimbunga mzingo baada ya mzingo, kutoka kwenye betri ya ukutani kwake hadi mlangoni kwa Chago.

— Samahani, kaka, alisema Digrii, lakini huo umeme wako sasa unakwenda wapi?

— Nyamaza ushike ncha.