Mkono wa Kumi

Mbele yangu kwenye basi walikaa mtu na dada yake. Dada mtu alikuwa fundi cherehani; sindano mbili zilikuwa bado zimechomekwa kifuani pa gauni lake. "Virusi vya ini sote tulivipata kwa mama," alisema. "Wewe umepimwa, huna saratani. Basi na mimi nimepimwa." Hesabu hiyo hata mimi nilikaribia kuikubali.

"Dada, ukikata mikono kumi ya gauni, unafuata karatasi ya kipimo au mkono uliotangulia?" mdogo wake akamuuliza.

"Karatasi. Ukifuata mkono uliotangulia, wa kumi hauingii begani."

"Sasa virusi havina karatasi. Vinajinakili kosa juu ya kosa, miaka arobaini, vyako kwako na vyangu kwangu. Kosa moja halina neno, jingine linakaribisha saratani. Daktari kaniambia."

"Usinifundishe kukata nguo. Hospitali siteremki." Akageukia dirisha.

"Na uliambiwa uende bila kula."

"Nimekula. Nimeshiba."

Basi likasimama mbele ya hospitali, injini ikazimwa, na katika ukimya ule tumbo la fundi likanguruma mpaka sisi wa nyuma tukalisikia. Mdogo mtu akambebea mkoba.