Chombo Kitupu Kilichomfuata Ksenia

Benchi la jengo namba tisa, kwenye mji wa wanaanga nje ya Moscow, lilikuwa na wenyewe, na asubuhi ile ya Machi wote walikuwapo. Mzee Yefim Lukich alikaa katikati, simu mkononi. Binti yake Ksenia alitakiwa kurudi kutoka kituo cha angani tangu Oktoba, ila kijiwe kirukacho huko juu, kisichozidi punje ya mtama, kilitoboa chombo cha kumrudisha, maji ya kupoozea yakavuja yote. Ikabidi kipelekwe kingine, kitupu, kikamfuate. Leo ndiyo alikuwa anashuka.

Kushoto kwake Faina, waliyemwita Redio, alimimina chai na kushikilia kwamba hakikuwa kijiwe, ni meli ya mizigo iliyokuja kutia nanga vibaya ikakwaruza. Kulia, Gleb Mwavuli, aliyekunja miavuli ya kushushia vyombo miaka thelathini, alisema wanaanga walitoboa wenyewe. Kuna mmoja alikuwa anamkwepa mama mkwe. Yefim hakucheka, lakini aliwashukuru kimoyomoyo. Walipokuwa wakibishana hakutazama saa.

— Sasa hivi mwavuli umeshafunguka, Gleb alisema.

— Umejuaje?

— Wanaoukunja nimewafundisha mimi, Yefim. Kunywa chai.

Hakuinywa. Robo saa ikapita. Kisha simu ikaita.

— Baba, ni mimi. Nimekaa kwenye nyasi, huku nyikani. Wamenifunika blanketi.

Machozi yakamtiririka Yefim. Akampa Redio simu. Naye Redio akabaki analia tu na kuitikia kwa kichwa, kana kwamba Ksenia anamwona. Gleb ndiye aliyeichukua na kumwambia binti kwamba baba yake ni mzima, ila amelowa machozi mpaka kola.

Wakacheka. Wakamalizia chai. Tamila, mpangaji mpya wa ghorofa ya tatu, alipita na mfuko wa mkate, wakamsimulia yote. Akafurahi nao, kisha akauliza:

— Na huyo aliyepanda wiki iliyopita kushika zamu yake, wazazi wake wanakaa jengo gani?

Redio alijua mpaka kijana yule alivyokunywa uji asubuhi ya kuruka. Hilo hakulijua.

Yefim akainuka, akavaa kofia yake, akaenda kuuliza nyumba kwa nyumba.