Nafasi Mbili Katika Moshi: Maisha ya Mzee Piusi Tluway Hhando, 1957–2025

Marehemu Mzee Piusi Tluway Hhando alizaliwa tarehe 3 Septemba 1957, Oldeani, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Tluway Hhando na marehemu Mama Dorkasi. Siku hiyo ukungu ulishuka hadi mlangoni, na mkunga alichelewa kwa kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote. Mama Dorkasi alipenda kusema kwamba mwanawe huyu aliuona ukungu kabla ya kumwona mama yake. Watu waliyacheka maneno hayo, enzi zile yalipokuwa bado yanachekesha.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Oldeani, mwaka 1966 hadi 1972. Hesabu zilimpiga chenga tangu darasa la kwanza, lakini mkaa ulimtii. Siku moja alichora mlango mzima wa choo cha walimu, mistari mitupu inayopanda na kujikunja. Mwalimu alipomuuliza amechora kitu gani, alijibu, "Harufu ya kahawa ikikaangwa, mwalimu." Alichapwa viboko kama ilivyostahili, kisha mwalimu yuleyule akakataza mlango usifutwe.

Mwaka 1974 alipata kazi za ndani katika nyumba ya msimamizi wa shamba, mzee wa kigeni aliyekuwa na desturi ya kukaa barazani baada ya chakula na kuvuta sigaa, ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa. Jioni moja ya mvua mzee yule alichoka kuvuta peke yake, akampa Piusi moja na kumwonya asiumeze moshi, auonje tu na kuuacha uende. Maisha ya marehemu yalipinda hapo. Alisimulia mpaka uzeeni jinsi ule mvuto wa kwanza ulivyokuwa na ladha ya udongo mkavu, kisha asali, kisha kitu kama ngozi ya tandiko la punda, na jinsi roho yake ilivyotulia ikaacha kukimbizana na kesho. "Sigara ni ya mtu mwenye haraka," alikuwa akisema. "Sigaa unakaa nayo kama mgeni."

Raha hiyo ndiyo aliyoichora miaka yote iliyofuata. Alijifungia chumbani mchana, akaacha tundu moja la dirisha lipitishe jua, akavuta na kuutazama moshi ukitembea kwenye mwanga. Kisha alichora juu ya magunia ya kahawa kwa rangi za dukani, machujo ya kahawa, udongo mwekundu wa Karatu na majivu ya sigaa yenyewe. Hakuchora tembo, wala mlima, wala Mmasai amesimama kwa mguu mmoja, ingawa ndivyo vinavyouzika. Picha zake ziliitwa "Mvuto wa Kwanza", "Baada ya Ugali", "Mvua Imekatika". Hoteli moja ya Karatu ilinunua moja ikaitundika kichwa chini. Vijana wa mapokezi walipogundua walikuja kumwomba radhi, naye akawaambia waiache, moshi hauna kichwa wala miguu.

Alifunga ndoa takatifu na Blandina tarehe 22 Oktoba 1983, Karatu, na Mungu akawajalia Penina, Simon na Tluway. Mama Blandina hakuipenda harufu ya sigaa hata siku moja. Aliivumilia, akafua mapazia, akamtania mumewe kwamba kaolewa na bomba la jiko. Kijana Simon ndiye aliyeelewana na baba yake. Alipokuwa dereva wa watalii, wageni wakimpa sigaa kama zawadi, hakuuza. Alimletea mzee, wakakaa wote wawili chumbani, mmoja akivuta na mwingine akinusa tu, kila mmoja na kigoda chake.

Tarehe 14 Mei 2009 Simon alipandisha gari peke yake kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro kumfuata dereva mwenzake aliyeharibikiwa gari. Ukungu ulikuwa mzito. Gari lilikutwa pembeni mwa barabara, taa zinawaka, mlango wa dereva uko wazi, na sigaa moja ndani ya karatasi yake juu ya dashibodi. Simon hakuonekana. Askari wa hifadhi walitafuta. Lembris, mfugaji wa Ngorongoro na rafiki wa familia, aliingia msituni na vijana wa rika lake, wakatafuta mpaka mvua ikafuta kila alama. Mwili haukupatikana, kwa hiyo Mama Blandina alikataa matanga, akakataa misa ya marehemu, na tangu siku hiyo mlango wa mbele wa nyumba hii haukufungwa kwa komeo, ili mtoto akirudi asibishe hodi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wazazi wawili waliuchukua kwa njia mbili. Mzee Piusi alirudi chumbani, akavuta na kuchora kuliko zamani. Mama alimsimamia mlangoni akamwambia, "Mtoto hajaonekana, na wewe unastarehe?" Akajibu taratibu, "Nikivuta ndiyo anakuja kukaa." Mama hakukanyaga tena chumba kile. Aliamini kwamba mumewe amemsahau mwanawe, na aliishi na maneno hayo kama mtu anayeishi na jiwe kwenye kiatu.

Mwaka 2023 Mzee Piusi aligundulika na kansa ya koo. Familia haifichi: sigaa ilimpa raha, na sigaa ndiyo iliyomla. Daktari alimkataza, naye akatii, hakuvuta tena hata moja. Mama Blandina alimuuguza kwa mikono yake, kwa uji mwepesi na maji ya moto, bila kinyongo. Wiki zake za mwisho aliomba apelekwe chumbani na kufungiwa mlango. Hakuna aliyejua anafanya nini bila moshi. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, akiwa na miaka 67.

Jumamosi ya matanga, mchana kweupe, akina mama wakimenya viazi uani, harufu ya sigaa ilitoka chumbani. Wote waliisikia. Modest, mdogo wa marehemu, alijaribu mlango akaukuta umefungwa, na ufunguo alikuwa nao shemeji yake, Mama Blandina.

Wakati huo Penina alikuwa amekaa na mama yake wakiandaa wasifu huu. "Mama, Simon tumwandike wapi?"

"Mwandike na wenzake. Mwanangu hajafa. Hajaonekana."

"Mama, baba naye tutamzika akingoja?"

Mama Blandina aliinuka na ufunguo wake, akaingia chumbani, Penina nyuma yake. Ndani hakukuwa na moshi wala majivu mabichi. Vigoda viwili vilitazamana. Kuanzia mlangoni picha zilifuatana kwa miaka yake, na katika zile za zamani moshi ulijaa gunia zima, ukicheza utakavyo. Katika kila picha ya baada ya ukungu ule, moshi ulifika upande wa kushoto ukagawanyika, ukapita huku na huku, ukaacha mahali patupu ambapo brashi haikugusa. Hapakuwa na sura wala bega. Palikuwa tu na mahali pa mtu.

Lembris alisimama mlangoni, fimbo mkononi. "Kwetu ng'ombe akipotea, mama, wenzake hawalali mahali pake," alisema.

Picha ya mwisho ilikuwa imegeuziwa ukutani. Penina aliigeuza. Mistari ilikuwa imeyumba, rangi ni nyepesi, na humo nafasi tupu zilikuwa mbili, zimegusana.

Mama Blandina aliweka kiganja chake kwenye gunia, kwanza kushoto, kisha kulia. Alilia, na haikuwa kwa ajili ya mumewe peke yake. "Kumbe alikuwa naye humu miaka yote," alisema. Kisha akamwambia Penina, "Simon mtoe pale. Mwandike kwa waliotangulia."

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, na mwanawe Simon Piusi, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1986 na kuchukuliwa na ukungu tarehe 14 Mei 2009. Ameacha mjane, Mama Blandina, watoto, Penina na Tluway, wajukuu watano, mdogo wake, Modest, na Lembris, aliye ndugu.

Gunia mnaloliona juu ya jeneza ni picha ile ya mwisho, na litashuka nalo. Sigaa iliyokutwa garini, ambayo mzee hakuiwasha kamwe, iko kwenye mfuko wa koti lake. Leo jioni, wageni mtakapokuwa mmeondoka, Mama Blandina ameomba mlango wa mbele ufungwe kwa komeo.

Mungu awape baba na mwana mahali pa kukaa, na amani ya kupumzikia.