Maji ya Moto kwenye Ubao wa Bi Zulekha

Mgeni rasmi, karibu uchochoroni kwetu, hapa jirani na Msimbazi, Kariakoo. Utuwie radhi kwa harufu, sisi tumeshaizoea.

Tulikotoka

Tuko wanawake kumi na wanane, kazi yetu kunyonyoa na kukatakata kuku. Aliyetufundisha karibu sote ni Bi Zulekha, yule pale nyuma mwenye ushungi wa kijani. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyemfikia kwa usafi. Kila akimaliza kazi aliumwagia ubao wake maji yanayochemka, mvuke ukafuka, naye akaridhika moyoni kuwa hapo hakijabaki kitu. Nasi tukamuiga.

Mafanikio

Tumepata meza sita za chuma kisichoshika kutu, ambazo leo utazizindua. Tunashukuru.

Changamoto

Mwezi Machi Bi Zulekha alitukatia kachumbari ya mchana juu ya ubao ule ule, kwa kuuamini. Kesho yake watu kumi na mmoja tulikuwa tunaharisha. Hamdiya, aliyekaa naye bega kwa bega, tulimzika Ijumaa.

Bwana afya, Beno, alipangusa mbao zetu zote kwa pamba akaenda kupima. Ubao ulioongoza kwa uchafu ulikuwa wa Bi Zulekha.

"Mama, protini ya damu na nyama ndiyo inayotangulia kunata," alimweleza. "Bakteria wanakuja kushika hapo, kisha wanajijengea utando wa kujifichia. Ukianza na maji ya moto unaigandisha ile protini, kama yai kwenye sufuria. Anza na maji baridi, tena mengi, usugue kwa sabuni. Ya moto yawe ya mwisho."

"Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nawatandikia kitanda?"

Tangu siku hiyo Bi Zulekha hajashika kisu. Anakuja asubuhi, anakaa, anaitazama mikono yake. Tunamwambia hakujua. Anaitikia tu.

Ombi

Mgeni rasmi, hata kwenye chuma bakteria wananata. Bomba letu tangu zamani lilitoa maji kwa kusuasua, na tangu Januari halijatoa hata tone. Dumu moja tunagawana watu wanne, na ndiyo maana tulishikilia maji ya moto: tuliona hata yakiwa kidogo yanatosha. Maji yaliyopo leo yaliletwa na gari la boza asubuhi kwa ajili yako, tukaambiwa tusiseme. Yataisha kabla gari lako halijavuka Jangwani.

Tulimwomba Bi Zulekha asome risala hii, akakataa. "Nyie someni," alisema. "Mkimaliza, mwambieni afungue lile bomba la ukutani kwa mkono wake, halafu aje akae na mimi tuyasubiri maji."

Stuli iliyo wazi kando yake ilikuwa ya Hamdiya. Tumekufutia vumbi.

Mungu akujalie afya, wewe na wote wanaokula mezani kwako.

Ni sisi,
Umoja wa Wanawake Wakata Kuku, Kariakoo.